Mche Ule Ule, Dawa Ile Ile? Miaka 120 ya Mimea-Dawa Kati ya Amani na Holili

Msomaji, tuanze na swali dogo. Tuseme umevuka mpaka kutoka Taveta, uko Holili unasubiri gari la kwenda Himo, na mtu anakuuzia mche wa pakanga, ile artemisia ambayo siku hizi kila mtu anasema inatibu malaria. Mche umestawi, majani yananukia, bei si mbaya. Utajuaje kama ndani ya majani yale mna dawa?

Kwa macho huwezi kujua. Kwa pua pia huwezi. Hata ukimwuliza muuzaji, naye atakuambia alichoambiwa na aliyempa mbegu.

Swali hili si geni. Limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na kila lilipopuuzwa kuna watu walilipa, wengine kwa fedha na wengine kwa maisha. Leo tunakupitisha kwenye historia hiyo. Ukiifuata kwa makini utaona mmea wa dawa unadai kazi mbili. Ya kwanza ni kuuzidisha, yaani kupata miche mingi. Ya pili ni kuupima, yaani kujua kilichomo ndani na ni kiasi gani. Sehemu kubwa ya hasara tutakazozisimulia zilitokea pale watu walipofanya kazi moja wakaiacha nyingine.

Miti milioni isiyo na dawa

Mwaka 1820, jijini Paris, wanakemia wawili, Pierre Pelletier na Joseph Caventou, walifanikiwa kutenga kwinini kutoka kwenye gome la mkwinini. Mti wenyewe asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambako gome lilikuwa likitumika kutibu homa tangu zamani. Baada ya 1820 mambo yalibadilika: sasa ungeweza kuchukua gome lolote, ukalipeleka maabara, na ukaambiwa lina kwinini asilimia ngapi.

Waholanzi waliokuwa wakitawala Java, leo ni sehemu ya Indonesia, walitaka mashamba yao wenyewe. Katika miaka ya 1850 walipata aina moja ya mkwinini iliyoota vizuri sana, wakaizidisha kwa bidii. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1860 walikuwa na miti kama milioni moja. Gome lilipopimwa sawasawa, kumbe karibu halina kwinini. Miti milioni moja, ardhi, vibarua, miaka kumi: vyote vimekwenda kwenye mti mzuri usio na kitu.

Wokovu wao ulitoka kwa mtu ambaye vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja tu. Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia, alikuwa anaujua msitu na alijua ni miti ipi yenye gome kali. Alikusanya mbegu za miti hiyo kwa ajili ya mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Mwaka 1865 mbegu zilifika London, serikali ya Uingereza ikazikataa, Waholanzi wakanunua kiasi cha ratili moja. Mamani mwenyewe baadaye alikamatwa na wakuu wa kwao kwa kosa la kutoa mbegu, akapigwa, akafariki.

Safari hii Waholanzi walikuwa wamejifunza. Mkemia wao, Bernelot Moens, aliyapima magome ya miti iliyotokana na mbegu hizo, na mingine ilikutwa na kwinini zaidi ya asilimia 10. Halafu wakakutana na tatizo la pili. Mkwinini huchavushwa na mkwinini mwingine, kwa hiyo mbegu ya mti bora si lazima izae mti bora. Ni kama watoto wa mama mmoja: hawafanani wote. Suluhisho lao lilikuwa kuchukua vijiti vya mti uliopimwa na kuvibandika juu ya mashina ya aina nyingine yenye mizizi imara. Kijiti hakichanganyi damu. Kitakachoota ni mti ule ule uliopimwa. Kufikia miaka ya 1930, Java ilikuwa inatoa zaidi ya asilimia 90 ya kwinini yote duniani.

Pima kwanza, kisha zidisha kile ulichopima. Likumbuke hilo, tutarudi kwalo.

Amani, 1902, na vita vya jirani na Holili

Turudi nyumbani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Ilikuwa na bustani kubwa za majaribio na maabara mahali pamoja, na miongoni mwa miti iliyopandwa ilikuwemo mikwinini.

Miaka 12 baadaye, vita vikaanza. Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuiteka Taveta. Februari 1916 Waingereza na washirika wao walijaribu kukitwaa kilima cha Salaita wakashindwa. Machi mwaka huohuo walipigana kwenye vilima vya Latema na Reata, karibu kabisa na Holili ya leo, wakapita, na baada ya siku chache wakaingia Moshi. Ukipanda gari kutoka Taveta kwenda Himo unapita katikati ya uwanja huo wa vita.

Lakini risasi haikuwa adui mkubwa wa askari na wapagazi wale. Maradhi yaliangusha watu wengi kuliko mapigano, na malaria ilikuwa mstari wa mbele. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, wengi wao kwa ugonjwa, njaa na uchovu. Meli za Wajerumani zilikuwa zimezuiwa baharini, hivyo kwinini ya kutoka nje haikufika kwa uhakika. Ndipo gome la mikwinini ya hapa likawa mali. Amani ikatengeneza kwinini kwa ajili ya jeshi la Wajerumani.

Walipolazimika kuyaacha maeneo ya kaskazini, vidonge vikawa adimu, wakaanza kuchemsha gome na kunywa maji yake. Askari walikipa kinywaji hicho jina la utani kwa kumtania kamanda wao, Lettow-Vorbeck: wakakiita "pombe kali ya Lettow". Kilikuwa kichungu kupindukia. Kwa jicho la kemia, tofauti kati ya kidonge na kikombe kile ni kubwa. Kidonge kimepimwa. Kikombe kinategemea gome limetoka mti gani, limechemshwa muda gani, na maji yalikuwa kiasi gani. Huyu anakunywa dozi, yule anakunywa uchungu tu.

Baada ya vita Amani ilichukuliwa na Waingereza. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Java, ulimwengu wa Washirika ulijikuta ghafla hauna kwinini, na mikwinini ya Afrika, pamoja na ile ya Tanganyika na ya Kivu huko Kongo, ikapata thamani upya. Kisha zikaja dawa za kutengenezwa kiwandani, hasa klorokwini, na Amani yenyewe ikageuzwa kuwa taasisi ya utafiti wa malaria. Kati ya 1954 na 1959 watafiti wake waliendesha mradi mkubwa wa Pare na Taveta, wakipulizia dawa ya kuua mbu iitwayo dieldrini kwenye nyumba za pande zote mbili za mpaka. Malaria ilishuka sana. Upuliziaji ulipokoma, ikarudi taratibu.

Klorokwini nayo ikachoka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vimelea sugu vilianza kuripotiwa Afrika Mashariki. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini ikahamia SP, na mwaka 2006 ikahamia dawa mseto ya ALu, ambayo nusu ya nguvu yake inatoka kwenye mmea wa pakanga. Baada ya nusu karne ya viwanda, tukarudi shambani.

Wazo la chupa

Kabla ya pakanga, tusimame kidogo kwenye mwaka ule ule wa 1902. Wakati Amani inaanzishwa, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Gottlieb Haberlandt, alichapisha wazo lililoonekana la ajabu: kwamba seli moja ya mmea, ikilishwa vizuri ndani ya chombo, ingeweza kukua na kuwa mmea mzima. Alijaribu mwenyewe. Seli zake ziliishi kwa wiki kadhaa, zikanenepa, lakini hazikugawanyika hata moja. Alikuwa na wazo sahihi, ila homoni za mimea zilikuwa hazijagunduliwa bado.

Jibu lilikuja mwaka 1957 kutoka kwa Folke Skoog na Carlos Miller wa Marekani. Walionyesha kwamba mmea unasikiliza uwiano wa homoni mbili, oksini na sitokinini. Oksini ikizidi, tishu hutoa mizizi. Sitokinini ikizidi, hutoa machipukizi. Zikikaribiana, unapata bonge la seli lisilo na umbo, si jani wala mzizi. Mwaka 1962 Toshio Murashige na Skoog wakachapisha mchanganyiko wa chumvi na virutubisho ambao mpaka leo ndio uji wa kawaida wa maabara za tishu duniani kote.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unakata kichipukizi kidogo cha mmea. Unakiosha kwa dawa ya klorini, jamaa ya jiki ya nyumbani, ili kuua fangasi na bakteria. Unakiweka kwenye chupa yenye chakula kilichogandishwa kwa agari, kitu kinachotokana na mwani mwekundu. Ndani ya chupa kuna sukari, chumvi na homoni kwa vipimo. Baada ya wiki chache kichipukizi kimezaa vingine. Unavigawa kwenye chupa mpya. Tuseme kila kimoja kinatoa vinne kila mwezi. Baada ya miezi sita, kimoja kimekuwa 4,096. Kisha unavitia mizizi, na unavizoesha taratibu hali ya nje, kwa sababu mche uliozoea unyevunyevu wa chupa ukiuanika juani siku moja, umekwisha.

Watu wa mjini huiita tishu kalcha. Kwa Mchaga, kiini chake hakina ugeni wowote. Mgomba haupandwi kwa mbegu. Unang'oa chipukizi pembeni mwa mama yake unalipeleka kwingine, na ndizi inabaki ile ile. Isale, lile jani la mpaka na la kuombea msamaha, nalo ukikata shina ukalichomeka ardhini, linaota. Kihamba kizima kimejaa nakala. Chupa imeongeza wingi na usafi tu: miche mingi kwa haraka, isiyobeba wadudu na magonjwa ya shamba la zamani.

Sasa hapo ndipo mtego ulipo. Nakala ya mmea ni nakala ya vinasaba vyake. Je, ni nakala ya dawa yake pia?

Onyo kutoka Shimba

Ukivuka Holili ukafuata barabara ya Taveta na Voi hadi pwani, kusini mwa Mombasa utaikuta milima ya Shimba. Kisa kilichotokea pale kinajibu swali letu kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia.

Katika miaka ya 1960 na 1970 taasisi ya saratani ya Marekani ilikuwa ikikusanya mimea duniani kote kutafuta dawa. Mwaka 1972 mkemia Morris Kupchan na wenzake walitangaza kemikali kali sana kutoka kwenye mmea wa Ethiopia wa jamii ya Maytenus. Wakaiita maytansini. Ilikuwa inaua seli za saratani kwa kiasi kidogo mno, lakini pia ilikuwa ndani ya mmea kwa kiasi kidogo mno. Ndugu yake wa Kenya, Maytenus buchananii, alionekana kuwa nayo zaidi. Matokeo yake, mwaka 1976 zilivunwa tani kama 27 za mmea huo kutoka Shimba, karibu mimea yote iliyokomaa ya eneo lile. Hii ni kupima bila kuzidisha: ukishajua kilichomo ndani na huna mashamba, unamaliza msitu.

Kwa haraka ungesema, basi tuuoteshe kwenye chupa. Watafiti walijaribu kukuza seli za mmea, wala haikuwa njia ya kuaminika ya kupata maytansini. Sababu ilianza kujitokeza kwingine: mwaka 1977 kemikali za ukoo uleule zilipatikana kutoka kwa bakteria, kiumbe asiye na uhusiano wowote na mti. Miaka mingi baadaye, utafiti kwenye mizizi ya mmea ulio karibu na Maytenus ulionyesha kwamba bakteria wanaoishi ndani ya mizizi ndio watengenezaji. Sasa fikiria: hatua ya kwanza ya maabara ya tishu ni kuosha mmea ili kuua kila kijidudu. Unaweza kupata miche elfu safi kabisa, na kwa usafi huohuo ukawa umemtupa mpishi.

Leo kemikali zilizotokana na ukoo wa maytansini zimo ndani ya dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, na chanzo chake ni matangi ya bakteria. Mti wa Shimba haukuhitajika tena.

Pakanga na hesabu ya kikombe

Turudi kwenye mche wetu. Mwaka 1971 Tu Youyou, mtafiti wa China aliyekuwa akisaka dawa ya malaria kwenye vitabu vya kale vya kwao, aligundua kwamba maelekezo ya zamani yalisema majani ya mmea huu yalowekwe na kukamuliwa. Hayakusema yachemshwe. Akahisi joto ndilo linaloharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye joto dogo, na Oktoba mwaka huo sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote kwa panya. Dawa hiyo ndiyo artemisinini, na mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel.

Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto zenye artemisinini mwaka 2001, mahitaji yaliruka. Kilo moja ya artemisinini ikapita dola 1,000 karibu mwaka 2005. Mwaka huo kampuni ya Novartis iliingia ubia na East African Botanicals ili kupanua kilimo cha pakanga Kenya, Tanzania na Uganda, na wakulima wa nyanda zetu za kaskazini wakaingia shambani. Dunia nzima ikalima. Kufikia 2007 bei ilikuwa chini ya dola 200, na wengi wakang'oa.

Sasa kemia. Artemisinini hutengenezwa kwenye vivimbe vidogo mno, kama vinywele vyenye kichwa, juu ya jani. Lile bonge la seli lisilo na umbo tulilolitaja halina jani, kwa hiyo halina vivimbe, na likipimwa halitoi dawa ya maana. Ndiyo maana kwa pakanga kazi ya chupa ni kutoa miche ikapandwe shambani; dawa yenyewe inasubiri jani halisi.

Tena miche ya mbegu gani? Aina za pori zinaweza kuwa na artemisinini sehemu ndogo sana ya asilimia moja. Wataalamu wa Uswisi walizalisha chotara anayefikia asilimia 1 na zaidi, na anayechelewa kutoa maua. Hilo la pili ni muhimu kwetu, kwa sababu pakanga hutoa maua siku zikiwa fupi, na karibu na ikweta siku ni fupi mwaka mzima. Aina isiyofaa huchanua ikiwa bado ndogo, na unakosa majani. Lakini chotara ni chotara. Ukivuna mbegu zake ukapanda, watoto wanatawanyika, huyu amerithi dawa, yule hakurithi. Ni mkwinini wa Java umerudi kwa sura nyingine. Njia ya kumlinda ni vikonyo au chupa.

Kisha kuna jambo linalowachanganya wengi. Mlima wetu una pakanga yake ya asili, Artemisia afra, ambayo wazee wameitumia kwa homa na vikohozi. Inanukia, ni chungu, na jina ni lile lile. Ila artemisinini ndani yake haipo, au ipo kwa chembe tu. Haimaanishi haina faida nyingine. Inamaanisha si ALu ya shambani.

Tufanye hesabu. Mapishi ya chai yanayosambazwa sana yanataka gramu 5 za majani makavu kwa siku. Kama majani yana asilimia 1, ndani ya gramu 5 mna miligramu 50 za artemisinini. Kama yana asilimia 0.1, mna miligramu 5. Na hizo ni zilizomo kwenye jani. Maji huzitoa sehemu tu, kwa sababu artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Linganisha na dozi nzima ya mtu mzima ya ALu: vidonge 24 vyenye jumla ya miligramu 480 za artemetha, ambayo imetengenezwa kutokana na artemisinini ikaongezewa nguvu, tena ikifuatana na lumefantrini ya kumalizia vimelea vilivyobaki. Vikombe viwili vinavyofanana rangi na uchungu vinaweza kupishana mara kumi.

Mara kumi si mchezo. Dozi ndogo huua vimelea dhaifu na kuviacha vikali vizaliane. Tayari Kagera, kaskazini-magharibi mwa nchi, watafiti wa Tanzania wamethibitisha vimelea vilivyoanza kuistahimili artemisinini. Hii ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani hayo kwa malaria. Mtoto mwenye homa apimwe na apewe dozi kamili kituoni. Hapo hakuna mjadala.

Kahawa inatufundisha nini

Unaweza kusema, hayo ya kupima ni ya wazungu wenye mashine. Hapana. Kilimanjaro tayari inafanya kazi zote mbili, kila msimu, kwa zao jingine.

Nenda Lyamungu, kituo cha utafiti wa kahawa kilichoanzishwa miaka ya 1930, leo makao ya TaCRI. Aina mpya za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani huzidishwa kwa vikonyo kutoka bustani mama, na maabara ya tishu ipo pia. Lakini aina haitolewi kwa mkulima kwa sababu tu haiugui. Kahawa yake huonjwa kwanza. Na ukifika mnada wa Moshi, hakuna mnunuzi anayelipa kwa sifa za mche. Analipa kwa daraja na muonjo. Kikonyo na kikombe vinatembea pamoja.

Kwa mimea-dawa, muonjo wake ni kromatografia. Wazo lake unaweza kulifanya nyumbani: weka nukta ya wino mweusi kwenye karatasi ya chujio, chovya ncha yake majini, utaona wino umejigawa rangi kadhaa kadiri maji yanavyopanda. Kila kemikali ina mwendo wake. Mashine ya maabara inafanya hivyohivyo kwa shinikizo na kwa usahihi, kisha inakuambia kiasi cha kila moja. Artemisinini ina ukaidi wake: haionekani vizuri kwa mwanga wa urujuanimno ambao mashine nyingi hutumia, hivyo inahitaji kigunduzi kingine au kuibadilisha kidogo kwanza. Ni kazi, lakini inafanyika.

Na taasisi tunazo. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Mwaka 1990 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Mayunga Nkunya, walichapisha na wenzao matokeo ya kupima mimea kadhaa ya Tanzania dhidi ya vimelea vya malaria. Mmoja wa iliyoonyesha nguvu maabara ulikuwa ndago, gugu lile linalotusumbua mashambani. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu 2002, na baraza lake lipo. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela.

Kinachokosekana ni kuziunganisha kazi mbili ziwe moja. Mkaguzi wa afya ya mimea mpakani huuliza kama mche una wadudu au ugonjwa, na mche wa chupa hufaulu mtihani huo kwa urahisi. Swali la kemikali halimo kwenye mtihani ule, wala si kazi yake. Kwa hiyo mche unaweza kuvuka ukiwa safi, halali, mzuri wa kutazama, na mtupu.

Basi mtu akikuletea mche au unga wa dawa, mwulize mambo matatu. Mmea mama ni upi, kwa jina lake kamili? Umezidishwa kwa mbegu, kikonyo au chupa? Na majani ya shamba hili, si ya kitabuni, yamepimwa lini na yakakutwa na nini? Kama wewe ni mwanafunzi unayetafuta mada ya utafiti, swali hilo la tatu lina kazi ya miaka mingi: chukua nakala za mche mmoja, zipande Holili, Marangu na Rombo juu, vuna kwa tarehe moja, pima. Kihamba kwa kihamba, tutajua mlima wetu unampa mmea nini na unamnyima nini.